Vyakula vya wazee wetu wakati wa Bula Matari: tunasoma kazi ya Profesa Osumaka Likaka



Kila mara kitabu chetu hiki cha mila kinapogusa mambo ya chakula, waandishi wetu wanaandika karibu maneno yaleyale: chakula cha wababu zetu wa Maniema ni mchele, sombe, samaki ya Lualaba na mawese. Sisi pia tuliandika vile, na hatukuona kosa. Lakini siku moja, katika darasa la tano la sekondari, tulikuwa tunafundisha somo juu ya kilimo cha lazima wakati wa Wabelgiji. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza: « Mwalimu, mchele ulikuja na Wangwana. Sasa mbele ya mchele, bibi zetu walikuwa wanakulaka nini? » Darasa lote likacheka, na sisi tukacheka nalo. Kisha tukageukia ubao, tukaanza kufuta maneno yasiyokuwa na haja ya kufutwa, kwa sababu jibu hatukuwa nalo.

Makala hii ilizaliwa na swali hilo. Tulitafuta ni mwanahistoria gani amechunguza mashamba ya wazee wetu wakati wa ukoloni, na tulimpata mmoja, mwana wa inchi yetu. Tunataka kueleza kazi yake, kuisifu pale inapostahili sifa, na kusema wazi pale ambapo, kwa maoni yetu, njia inabaki haijamalizika.

1. Kitabu chenyewe

Osumaka Likaka ni mwanahistoria Mkongomani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Wayne State, mji wa Detroit, Marekani. Kitabu chake Rural Society and Cotton in Colonial Zaire kilitolewa mwaka 1997 na University of Wisconsin Press. Kinaeleza maisha ya wanavijiji chini ya kilimo cha pamba, kuanzia mwaka 1917 hadi uhuru wa 1960. Kiko kwa Kiingereza. Sisi tuliosomea ISP kwa Kifaransa tulikisoma polepole, kamusi mkononi, jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi.

Profesa hakutosheka na karatasi za serikali ya kikoloni. Alizisoma, lakini vilevile aliwasikiliza wazee waliolima ile pamba kwa mikono yao. Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Ripoti ya mzungu inasema ni tani ngapi zilitoka. Mzee anasema nani alipigwa fimbo ili tani hizo zitoke.

2. Mambo yenye kitabu kinatufundisha

Tukumbushe kwanza namna mambo yalivyokuwa. Tarehe 20 februari 1917, serikali ya Congo Belge ilitoa sheria iliyoruhusu kuwalazimisha wanavijiji kulima mimea fulani kwa muda usiopita siku 60 kwa mwaka. Waliita « kazi ya kufundisha ». Mtu aliyesimama nyuma ya siasa hiyo ni Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo katika wizara ya makoloni kule Brussels. Mwaka 1921 ikaja sheria ya maeneo ya pamba: kila kampuni ilipewa sehemu yake, na mlimaji wa sehemu hiyo hakuwa na ruhusa ya kuuza kwa mwingine. Bei ilipangwa na wakubwa. COTONCO, kampuni iliyojulikana kuliko zote, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1920. Kisha wakati wa vita vya pili, mwaka 1942, zile siku 60 zikafanywa 120.

Kwa kila kijiji kulikuwa mnyororo wa watu: agronomu, monitere, polisi, sultani, kapita. Sultani alipata zawadi ya feza kufuatana na pamba iliyotoka kwa watu wake. Ni kusema, mtu ambaye zamani aligawa ardhi na kulinda watu alifanywa mtu wa kuwasukuma. Aliyekataa kulima alilipishwa faini, au alifungwa, au alipigwa.

Lakini jambo ambalo lilitugusa zaidi ni lile la kalenda. Pamba haikuchukua ardhi tu, ilichukua majuma. Inataka kupandwa wakati wake, kupaliliwa wakati wake, kuvunwa, kuchambuliwa, kukaushwa na kubebwa kichwani mpaka sokoni. Na majuma hayo ni yaleyale ambayo shamba la chakula linamwita mama wa nyumba. Siku ina saa zake, haziongezeki. Basi familia ilibidi ichague. Mmea wa chakula uliotaka kazi nyingi ukaachwa, na mmea unaovumilia ukachukua nafasi. Muhogo unavumilia: unaupanda, unauacha, unakaa ndani ya udongo kama feza ndani ya sanduku, unauchimba siku unapopata nafasi. Kuenea kwake zaidi wakati wa pamba hakukuwa uvivu, kulikuwa hesabu. Watu walihesabu mikono waliyobaki nayo. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na deni, kwani muhogo unajaza tumbo bila kujenga mwili sawa na nafaka na jamii ya kunde.

Profesa Likaka anaonyesha pia kwamba wanavijiji hawakukaa kama kondoo. Walikuwa na namna zao za kukataa bila kupiga kelele. Hapo tunamshukuru, sababu vitabu vingine vinatupa picha mbili tu: mzungu anayeamuru, na mwafrika anayelia. Yeye anatuonyesha watu wenye akili.

3. Soko la Nyangwe, ao neno « asili » lina maana gani?

Hapa tunaomba msomaji arudi nyuma pamoja nasi, mbele ya Wabelgiji, mpaka Nyangwe, kando ya Lualaba, katika teritwari yetu ya Kasongo. Wengi wanaujua mji huo kwa ajili ya mauaji ya tarehe 15 julai 1871, ambayo Livingstone aliyaona kwa macho yake. Waliouawa siku ile walikuwa watu wa sokoni, wengi wao wanawake waliobeba vyakula kutoka vijiji vya ng'ambo zote mbili za mto.

Miaka mitano baadaye, 1876, Stanley alipita Nyangwe naye akaandika orodha ya vitu vilivyouzwa katika soko lile. Kuna viazi vikuu, vile vinavyopanda juu ya miti. Kuna ufuta, nafaka ndogo za zamani, maharagwe, ndizi, mboga za mchuzi, asali, kumbikumbi na panzi. Lakini katika orodha hiyohiyo kuna mahindi, muhogo, karanga na mananasi. Hivi vyote vinne vilitoka Amerika. Vilivuka bahari na meli za Wareno, vikaingia barani, vikapita mkono kwa mkono mpaka katikati ya Congo, kabla mzungu yeyote hajafika kwetu. Mchele nao ulikuwa umeshafika kutoka pwani ya mashariki pamoja na Wangwana. Neno « mahindi » lenyewe linatuonyesha kidole upande wa India, lakini nafaka ile ni ya Amerika. Jina linatueleza njia ambayo watu waliidhania, si kwao pa kweli.

Basi « chakula cha asili » ni nini? Kama tunasema ni kile ambacho hakikutoka nje kamwe, tutabaki na sahani ndogo. Hata ndizi, ambayo wenzetu wa pori wanaishi nayo tangu karne nyingi, mababu zake ni wa Asia. Sisi tunafikiri chakula kinakuwa cha asili pale watu wanapokijua: wanapokuwa na majina ya aina zake, wanapojua ipi ya kuchelewa na ipi ya haraka, ipi ya mgonjwa na ipi ya karamu, na hasa pale mbegu inapokaa mikononi mwao wenyewe. Wanawake wa soko la Nyangwe walipokea muhogo na mahindi bila fimbo. Walivijaribu, wakavichagua, wakaviweka karibu na vile vya zamani, bila kutupa vile vya zamani.

Na tazameni: ni katika Nyangwe hiyohiyo, miaka ya vita vya kwanza, serikali ya kikoloni ilifanya majaribio ya pamba. Pale watu walipokuwa na ujuzi wa kupokea mmea mgeni kwa hiari, wakaletewa mmea mgeni kwa nguvu. Tofauti ya nyakati hizo mbili haiko ndani ya mbegu. Iko katika nani anachagua.

4. Pale tunapoachana na profesa

Sasa tuseme mashaka yetu, kwa heshima yote.

Shaka la kwanza: katika kitabu hiki pamba inakaa katikati, na chakula kinatokea pale pamba inapokigusa. Tunaona njaa, tunaona shamba la chakula linapungua, tunaona muhogo unaongezeka. Yote ni kweli. Lakini chakula kinaonekana zaidi kama kitu kilichopotea, si kama elimu iliyokuwa hai. Kitabu kinaeleza namna kazi ilivyowazidia wanawake, na hilo ni jema. Lakini, kwa macho yetu, tunamwona mama akichoka. Hatumwoni vya kutosha akichagua mbegu. Mtu anayechoka tu anahurumiwa. Mtu anayechagua mbegu anaulizwa, kwani ana jambo la kutufundisha.

Shaka la pili linahusu karatasi. Profesa hana kosa hapa, ila kila mtafiti atakayemfuata ajihadhari. Wakoloni hawakupigana na chakula chote. Walilazimisha chakula pia! Sheria ya 1917 ilitoka wakati majeshi ya Congo yanapigana na Wajerumani kule Afrika ya Mashariki, baada ya kuchukua Tabora mwaka 1916, na askari na wachukuzi walihitaji kula. Mchele wa kwetu ulilimwa kwa amri sawa na pamba. Baadaye miji na machimbo vilitaka unga na mchele kwa wafanyakazi. Kwa hiyo chakula kilichoweza kupimwa kwa kilo, kufungwa ndani ya gunia, kubebwa na lori na kulipwa bei, kilipata karatasi: ripoti, hesabu, picha. INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na makao yake Yangambi, ilifanya kazi kubwa ya elimu, lakini macho yake yalikuwa zaidi kwa mchikichi, pamba na kahawa, na upande wa chakula, kwa mimea kama mpunga, muhogo na mahindi. Na katika mpango wa « paysannat », ulioanza mnamo 1936, mashamba yalipangwa kwa mistari iliyonyooka, na agronomu ndiye aliyeamua nini kinafuata nini, hata kwa chakula cha nyumbani.

Je, kiazi kikuu kilichopandwa chini ya mti nyuma ya nyumba kingeandikwa wapi? Na njugu mawe ambazo mama alipanda mistari miwili tu kwa ajili ya watoto wake? Hazikulipa kodi. Hazikuingia katika gunia la kampuni. Monitere hakuwa na safu ya kuziandika ndani ya daftari lake. Basi mwanahistoria akifungua daftari hilo leo, anaweza kufikiri hazikuwako. Tunasisitiza hapa: kutokuandikwa si kutokuwako.

5. Wazee wanasema nini?

Baada ya lile swali la darasani, tuliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize mzee wa kwao majina ya vyakula vya zamani. Tulifikiri wataleta majina matatu manne. Walileta karatasi zimejaa mbele na nyuma. Mengine yalikuwa majina ya kitu kimoja katika luga mbalimbali, mengine hatukujua ni nini, na wanafunzi wenyewe hawakujua. Walikuwa wameandika jina tu, bila mmea.

Yule msichana wa swali alitupeleka kwa bibi yake. Bibi alituambia kwamba mama yake, wakati wa pamba, alikuwa anaficha viazi vikuu karibu na kichuguu, chini ya migomba. « Monitere alikuwa anaangaliaka mistari tu, » alisema. « Pale pasipokuwa mistari, macho yake hayakufika. » Tulimuuliza mbegu hiyo iko wapi. Akatuonyesha. Ilikuwa inapanda juu ya mti wa avoka, nyuma ya choo, na sisi tulikuwa tumepita mbele yake bila kuiona.

Haki inatulazimisha tuseme pia neno la mzee mwingine, ambaye hakukubaliana nasi. Yeye alituambia: « Ninyi walimu mnaandika mateso tu. Wakati wa pamba barabara zilikuwa. Mimi nilinunua kinga, nilioa juu ya pamba. » Hatuwezi kulifuta neno lake kwa sababu haliingii vizuri katika somo letu. Tulipomuuliza ni nani alikuwa akipalilia shamba hilo, alinyamaza kidogo, akacheka, akasema: « Mama ya watoto. » Nafikiri, wasomaji, ndani ya kicheko hicho kuna sura nzima ya historia. Kinga ilikuwa ya bwana. Majuma yaliyopotea yalikuwa ya mama.

Na kuna jambo lingine. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, watu wengi wa jimbo letu walikimbilia porini na kukaa huko miezi, wengine miaka. Gunia la mchele halikuwako. Aliyekuwa na mzee pamoja naye, mwenye kujua mzizi upi unaliwa na upi unaua, jani lipi linapikwa mara mbili, alikuwa na bahati. Ujuzi ambao daftari la monitere halikuandika ndio uliolisha watoto. Kwa hiyo tunapozungumzia mimea hii hatuzungumzii mapambo ya sikukuu ya mila. Ni mambo ya kufa na kupona.

6. Kazi inayobaki

Mwaka 2009 Profesa Likaka alitoa kitabu kingine, Naming Colonialism, juu ya majina ambayo wanavijiji wa Congo waliwapa wazungu. Anaonyesha kwamba jina la kupanga linaweza kuwa arshivu: ndani yake watu waliweka hukumu yao, hofu yao, hata kicheko chao. Sisi tulipokisoma tulijisemea: hii ndiyo njia iliyokosekana! Kama jina la mzungu ni arshivu, jina la muhogo pia ni arshivu. Kila aina ya muhogo, ya ndizi, ya kunde ina jina, na jina hilo mara nyingi linataja aliyeileta, ao mwaka wa njaa, ao kijiji ilikotoka. Profesa ametupa ufunguo kwa mlango mmoja. Tunaamini unafungua na mlango wa jirani.

Nani ataifanya kazi hiyo? Tusingojee mtu kutoka Detroit wala Brussels. Walimu wa Kabambare, Kasongo, Kibombo, Kailo, Pangi, Lubutu na Punia tunao wanafunzi, na wanafunzi wanao bibi. Tunapendekeza mambo matatu kwa chama chetu. La kwanza, makala ya chakula katika kitabu hiki yasitaje « chakula cha mababu » bila kusema ni mababu wa wakati gani: wa mbele ya Wangwana, wa wakati wa Wangwana, ao wa wakati wa pamba. La pili, jina la mmea lisipokelewe bila mmea wenyewe. Mwanafunzi alete jani, mbegu ao kipande cha mzizi, na aandike nani alimpa. La tatu, wanawake wazee waulizwe wao wenyewe, si waume zao kwa niaba yao.

Tunakiri kwamba sisi tulikuwa kati ya waliokosa. Ile makala ya mchele na sombe tuliiandika sisi. Mchele ni wetu, hatuukatai, tumeukula tangu utoto na tutaukula leo jioni. Lakini kuna waliokuwa ndani ya nyumba mbele yake, na adabu inataka tuwataje.

Ule mzizi wa nyuma ya choo, bibi alitukatia kipande. Tumekipanda katika kiwanja cha shule, chini ya mwembe. Mvua ya kwanza imepita, na kamba yake imeshaanza kupanda. Wanafunzi wameweka kibao chenye jina lake. Safari hii jina limeandikwa na mmea uko.